Hatua Hamsini na Mbili za Kwenda Chooni

Katika wodi ya wazazi ya hospitali moja ya Nakuru palikuwa na amri iliyovunjwa kila siku ya Mungu, asubuhi na jioni, na aliyeitoa hakuwa na habari. Amri yenyewe ilikuwa ya Daktari Lumley. Mama akishajifungua alale kitandani siku saba, asikanyage sakafu, na haja zake azimalizie papo hapo kwenye chombo cha bati. Daktari aliamini kwamba mzazi akiinuka mapema, damu itamganda miguuni, ipande hadi moyoni, na huo ndio utakuwa mwisho wake. Hakuwa mtu mbaya. Ndivyo alivyofundishwa kwao, naye akaja na imani hiyo Nakuru pamoja na kiko chake na mwavuli wake.

Sasa hebu fikiria. Wodi ina vitanda kumi na viwili na hakuna hata pazia moja. Kulia kwako amelala mke wa shemeji yako, kushoto mwanamke usiyejua hata lugha yake, na saa nne mlango unafunguka, anaingia mama mkwe na kibuyu cha uji. Nani atakalia bati mbele ya mama mkwe? Hakuna. Si Mkikuyu, si Mkipsigis, si Msomali. Mwaka ule amri ilipotoka, mama mmoja alijizuia siku tatu nzima mpaka tumbo likavimba utadhani anarudia kuzaa. Siku ya nne mkunga wa wodi, Bi Mboni binti Hemed, alimshika mkono akamwambia, "Inuka mwanangu, twende." Tangu siku hiyo hakuna aliyekalia bati.

Bi Mboni alizaliwa papo hapo Nakuru, mtaa wa Bondeni, baba yake fundi wa reli aliyetoka Pwani na asirudi tena. Alikuwa mfupi, mzito wa mwendo, mwepesi wa ulimi. Msaidizi wake alikuwa Wachuka, msafishaji wa wodi, mwanamke mkimya wa miaka thelathini hivi ambaye macho yake hayakupitwa na kitu. Wachuka alikuwa na kazi ya pili isiyoandikwa popote, nayo ni kusikiliza gari. Gari la Daktari lilipoanza kukohoa pale kwenye mwinuko, alipiga sufuria ya uji kwa mwiko mara tatu. Hapo wazazi wote, waliokuwa chooni na waliokuwa uani wakiota jua, walirudi mbio. Nasema mbio, lakini ni mbio za mzazi, mapaja mbalimbali na mkono kiunoni. Daktari alipoingia alikuta safu mbili za wanawake wametulia tuli, blanketi zimefika kidevuni.

"Mzuri sana," alisema. "Wote nalala?"

"Wamelala, Daktari," alijibu Bi Mboni, uso mkavu.

Miaka kumi na mmoja ilipita hivyo. Kisha, mwezi wa Machi mwaka 1957, likaja sanduku kutoka Nairobi.

Daktari alimwita Bi Mboni ofisini akamfungulia. Ndani mlikuwa na vichupa vidogo vya dawa ya sindano vimepangwa kwenye pamba, na bahasha mia mbili zilizofungwa. Dawa hiyo Bi Mboni aliijua. Ilikuwa ya kukaza mji wa mimba ili damu ikome baada ya kuzaa. Kidogo ilikuwemo kabatini mwa wodi, imefungiwa, na sheria ilisema mkunga asiiguse mpaka daktari aamuru, na daktari asiamuru mpaka damu iwe imeshamwagika vya kutosha. Na Daktari mwenyewe ni mmoja! Leo yuko Naivasha, kesho Rongai, keshokutwa gari limekwama matopeni njia ya Subukia. Miaka miwili nyuma mama mmoja wa Kabazi alikata roho mikononi mwa Bi Mboni huku mjumbe akimfukuzia Daktari barabarani kwa baiskeli. Dawa ilikuwa hatua tatu kutoka kitandani. Bi Mboni alimfunika mama yule shuka, akanawa mikono, akarudi kazini, na tangu hapo alitaka kitu kimoja tu duniani: achome sindano ile yeye mwenyewe, kwa wakati wake, bila kumngoja mtu.

"Sasa sikia," alisema Daktari. "Wazazi mia mbili. Kila moja nafunguliwa bahasha yake, ndani imeandikwa yuko nusu gani. Nusu nachomwa sindano mara moja mtoto natoka, kabla ya damu. Nusu ingine, kama zamani, tunangoja, damu ikizidi tunachoma. Kama hii ya kwanza ni bora, wakubwa ya Nairobi nasema mkunga atachoma yeye mwenyewe."

Bi Mboni alisikia moyo ukimruka. "Tuanze leo, Daktari."

"Pole pole." Daktari aliinua kidole. "Lazima tuchague kitu ya kupima. Kitu moja tu. Na lazima tuchague mbele ya kuanza."

"Kwa nini kimoja? Si tupime vyote?"

"Mimi napima vitu ishirini, mwisho naona moja inapendeza mimi, nasema, Aa, hii ndio nilitaka tangu mwanzo! Hiyo ni kujidanganya."

Maneno hayo yalimwingia Bi Mboni barabara. Alikuwa na shemeji, Dualeh, ambaye kila mpira ulipokwisha aliapa kwamba alijua tangu asubuhi nani atafunga. Hajawahi hata siku moja kusema kabla.

"Basi tupime vifo," alisema.

"Kwa wazazi mia mbili, nakufa wangapi?"

"Mungu apishe mbali! Labda mmoja. Labda hakuna."

"Moja huku, sifuri huko. Tutajua nini?"

Hilo nalo lilikuwa kweli, tena la kumshukuru Mungu. Daktari akatoa mtungi wa kioo wenye mistari ya kupimia. Damu yote ikingwe humo, alisema, na atakayevuka aunsi ishirini, yaani nusu lita na ushei, ahesabiwe amezidiwa. Wiki moja ya kujaribu, bila bahasha wala sindano mpya, waone kama kipimo kinafaa. Jumamosi saa nne lazima apeleke Nairobi karatasi yenye jina la kipimo, la sivyo sanduku litahamishiwa mji mwingine.

Wiki hiyo mtungi uliwatia wazimu. Damu haina adabu ya kungoja mtungi. Nyingine iliingia kwenye godoro, nyingine kwenye vitambaa, nyingine ikaondoka na sketi ya mwenyewe. Kisha mzazi lazima aoshwe kwa maji ya moto papo hapo, hiyo ni heshima yake, na Wachuka aliosha kwa ukarimu wake wote, maji yakatiririka moja kwa moja mtungini. Alhamisi walizaa wawili. Wangu, mke wa Naftaly wa shamba la maziwa, alipimwa aunsi ishirini na tisa, naye alikuwa ameketi kitandani anakula ugali na kutania kila apitaye. Chepngeno wa Rongai alipimwa aunsi tisa. Midomo ya Chepngeno ilikuwa myeupe.

Daktari alipousoma mtungi Ijumaa mchana, alirusha penseli ukutani. "Nani nachezea mtungi yangu? Hii upuzi siwezi peleka Nairobi! Kesho nafunga sanduku."

Alipoondoka, Bi Mboni aliketi kwenye benchi la uani. Mbele yake wazazi walikuwa wakipita kwenda chooni na kurudi, kama kila siku. Choo kilikuwa mwisho wa ua, nyuma ya kamba za kuanikia, hatua hamsini na mbili kutoka mlango wa wodi. Alikuwa amezihesabu hatua hizo mara elfu, mkono tayari nyuma ya mgongo wa mtu. Alijua, na Wachuka alijua, kwamba asubuhi ya pili baada ya kuzaa hatua hizo hazimfichi mtu. Mwenye damu yake huenda na kurudi akipiga soga. Aliyepungukiwa hushika ukuta, jasho jembamba likamtoka, akaomba akae. Hazikuwahi kuwadanganya.

Kipimo alikuwa nacho miaka yote. Tatizo ni kwamba kilikuwa siri yenyewe.

"Usimwambie," alisema Wachuka alipoelezwa. Aliweka ndoo chini. "Bi Mboni, nakuomba. Huyu mzungu akijua tumemdanganya miaka kumi na mmoja, tutafukuzwa sisi wote. Wewe utaenda kwenu Bondeni. Mimi je?"

Haikuwa hofu ya bure. Siku hizo za Hali ya Hatari, Mkikuyu asiye na kazi mjini hakuwa na ruhusa ya kuonekana mjini. Wachuka alikuwa na kijitabu cha ruhusa chenye muhuri wa hospitali, na bila muhuri ule angepakiwa kwenye lori kurudishwa kwa nguvu alikotoka.

"Nitasema ni mimi peke yangu," alisema Bi Mboni.

"Na sufuria ilikuwa inajipiga?"

Hapo wote wawili walicheka, ingawa mambo yenyewe hayakuwa ya kucheka. Wazazi waliokuwa uani wakasogea kusikiliza. Ladan, binti wa mfanyabiashara wa ng'ombe, mrefu, mwenye maringo yake, alikuwa na siku nne tangu ajifungue mapacha. Aliuliza kuna nini, akaelezwa.

"Kwa hiyo mama akizaa akitoka damu, wewe unajua dawa, unaona dawa, na hugusi?" aliuliza.

"Siruhusiwi."

"Na kutembea kwetu kunaweza kuleta hiyo ruhusa?"

"Kunaweza. Au kunaweza kutufukuzisha."

Ladan aliwatazama wenzake. "Mimi kesho nitatembea," alisema. "Aje anione."

Wachuka aliokota ndoo yake akaingia ndani, na Bi Mboni hakujua amekubali au amekasirika.

Jumamosi gari lilikohoa kwenye mwinuko mapema, saa mbili na nusu. Bi Mboni alisimama katikati ya wodi, roho mkononi, akingoja sufuria. Sufuria haikulia. Alichungulia jikoni akamwona Wachuka amesimama wima, ameushika mwiko kwa mikono miwili nyuma yake, kana kwamba anauzuia usijipige wenyewe, na machozi yanamtoka.

Daktari aliingia. Vitanda kumi na viwili, vyote vitupu, blanketi zimekunjwa.

"Wagonjwa yangu wapi?"

"Wako chooni, Daktari."

"Wote?"

"Wengine wanakwenda, wengine wanarudi."

Daktari alipita mlango wa nyuma kwa hatua mbili. Uani, juani, wazazi wake walikuwa wakipita huku na huku wamejifunga shuka na leso, wengine watoto mgongoni. Ladan aliongoza, shingo juu, akampita bila hata kumtazama. Wangu alimwamkia, "Jambo Bwana Daktari, umelala vizuri?" Kiko kilimtoka Daktari mdomoni kikaanguka kwenye majani, na hakukiinamia.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Miaka kumi na mmoja."

"Kila siku nauliza, wote nalala?"

"Na kila siku nilikuwa nasema uongo, Daktari. Niliusema mimi. Huyu Wachuka nilimwamuru." Alipiga moyo konde akaendelea. "Nifukuze baadaye. Kwanza tazama. Yule ni Wangu, mtungi wako ulisema amezidiwa. Mtazame. Na huyu anayeanza safari sasa ni Chepngeno, mtungi ulisema hana neno."

Wangu alikuwa ameshafika chooni na kurudi, bado anasema. Chepngeno alianza vizuri. Bi Mboni alimfuata karibu, mikono tayari. Hatua ya kumi na tano alipunguza mwendo. Hatua ya kumi na tisa alishika mlingoti wa kamba, jasho limemtanda usoni, na kabla magoti hayajalegea Bi Mboni na Ladan walikuwa wamemkalisha kwenye benchi. Daktari alikuja mbio. Alimvuta ngozi ya chini ya jicho, akaitazama, akamtazama Bi Mboni, akaitazama tena.

"Huyu nakosa damu nyingi sana," alisema pole pole. "Na mimi leo nilitaka kusema yeye mzima."

Alimrudisha kitandani mwenyewe, akaamuru dawa ya kuongeza damu na supu ya maini mara tatu kwa siku. Kisha akarudi uani akakaa benchini. Wazazi wote walikuwa wamesimama wakimngoja. Hakuna mtoto aliyelia.

"Kutembea," alisema mwisho. "Wangapi amekufa kwa sababu ya kutembea?"

"Hata mmoja."

"Miguu kuvimba? Kuanguka ghafla?"

"Ningekwambia, Daktari. Hilo nisingelificha. Ningewalaza mwenyewe, bati au si bati."

Uso wa Daktari ulikuwa mwekundu, na Bi Mboni hakujua ni hasira au aibu. Nadhani vilikuwa vyote viwili, kila kimoja kwa zamu. Kisha akafanya jambo ambalo Bi Mboni hakulisahau maisha yake yote. Alinyanyuka, akaenda mlangoni mwa wodi, akaanza kutembea kuelekea chooni huku akihesabu kwa sauti. Alifika na thelathini na nane.

"Miguu yako mirefu," alisema Ladan, na ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Daktari naye akacheka. Alicheka mpaka akashika mlingoti, na Wangu akasema yeye ndiye aliyezidiwa sasa.

Sanduku halikufungwa. Walikaa palepale uani kukichagua kipimo sawasawa, na nakwambia hata mahari haijapata kujadiliwa hivyo. Kwenda na kurudi, au kwenda tu? Kwenda na kurudi, walisema wazazi, kwani nani anahamia chooni? Siku gani? Asubuhi ya pili, kabla ya uji. Akigusa ukuta? Ameshindwa. Akisimama kumwamkia mtu? Hapo palizuka mabishano makali, mpaka ikaamuliwa kusalimia ni adabu na hakuhesabiwi. Wangu akauliza, na mwenye kilema cha mguu? Daktari akasema kuchechemea si kuzidiwa, mradi amerudi kwa miguu yake.

"Na nani atatazama?" aliuliza Daktari. "Si wewe, Mboni. Wewe nachoma sindano, wewe najua nani amepata. Moyo yako itasaidia macho yako."

Bi Mboni aliumia kidogo, kisha akaona ni haki. Alitaka jibu moja kupita kiasi. Mtu asiyeingia chumba cha kuzalia, basi. Mtu asiyejua bahasha imesema nini. Macho yote yakamgeukia Wachuka, ambaye tangu asubuhi alikuwa bado na mwiko mkononi.

"Mimi?" alisema Wachuka. "Mimi sijui kusoma."

"Najua kuhesabu mpaka hamsini na mbili?"

"Hiyo nahesabu hata usingizini."

Daktari akaandika jina lake kwenye karatasi ya Nairobi, Wachuka, mtazamaji wa matembezi, na Jumatatu akagonga muhuri mpya kwenye kijitabu chake cha ruhusa. Chooni hakukutaja. Aliandika mwendo wa hatua mia moja na nne bila msaada, na wakubwa wakajibu kwamba kipimo ni kigeni kwao ila hawaoni kasoro.

Miezi minane Wachuka alikaa kwenye kibanda cha jikoni kila asubuhi akitupa kokoto kwenye makopo mawili, moja la waliofika na moja la walioshindwa, na Daktari, kila alipofika, akiandika majina aliyotajiwa naye. Hakupendelea mtu. Dada yake mwenyewe alipogusa ukuta, alimhesabu ameshindwa, na wakanuniana wiki mbili.

Siku ya kufungua hesabu, Bi Mboni hakuweza kukaa. Je, kama hakuna tofauti? Alikuwa amekubali kuchagua kabla, kwa hiyo alikuwa amekubali pia kushindwa, na hilo lilimtoa jasho kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya. Daktari alisoma kwa sauti. Katika mia waliongojwa mpaka damu izidi, waliotembea ni sabini na sita. Katika mia waliochomwa mapema, tisini na wanne.

Wachuka ndiye aliyeanza vigelegele. Alipiga vitano, kama anavyopokewa mtoto wa kiume kwao, kisha akaongeza vitatu kwa ajili ya msichana ili pasiwe na malalamiko, na wodi nzima ikapokea.

Ruhusa ilifika Februari, karatasi moja yenye sahihi tatu. Wiki ileile aliletwa Cheptanui, mke wa dereva wa trekta wa Rongai, mimba ya saba, amechoka. Daktari hakuwepo. Mtoto alitoka saa nane mchana, msichana mnene mwenye kelele, na Bi Mboni alikuwa na sindano tayari. Alichoma palepale. Aliweka kiganja kwenye tumbo la mama yule akalisikia likijikaza chini ya mkono wake, gumu, mviringo, na damu ikawa ile ndogo ya kawaida.

Chepkemoi, dada yake Cheptanui, alikuwa mlangoni amejishika kichwa. Alikuwa amewahi kuona mzazi akimwagika damu huku Daktari akingojwa.

"Daktari amesema nini?" aliuliza.

"Daktari hayupo," alisema Bi Mboni. "Nimesema mimi."

Kisha akamchukua mtoto, akaketi naye kitini, akalia kwa furaha waziwazi, bila kujifuta, mpaka Cheptanui akamwuliza kutoka kitandani kama ni yeye aliyezaa.